Redio ya babu ilikuwa imeota ndevu

Babu alipofariki na arobaini ikaisha watu wakakaa kikao cha kugawana vitu, na mi nikatoka na redio. Wala sikuipigania, hakuna aliyeitaka. Baiskeli ilikuwa na wagombea watatu, miti ya machungwa ndo usiseme, ila redio ilikuwa imekaa juu ya kabati la vyombo imefunikwa kitambaa cha kufuma, miaka kumi na ushee haijatoa sauti, shangazi akasema we beba tu hiyo, ikikushinda wape watoto wachezee.

Ni Philips. Boksi la mbao limevishwa kitu kama ngozi, betri kubwa sita, bendi moja ya mawimbi ya kati na mbili za masafa mafupi. Babu aliinunua 1967 kwa hela ya mkonge, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba moja huku kwetu Muheza, na kijiji kizima kilikuwa na redio mbili, ya kwake na ya mwalimu. Baba anasimulia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ile ya kumpiga Amin, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, anasema uwanja ulijaa mpaka kwenye mbuzi, watu wamekaa kimya wanaitazama redio kama vile ina sura. Mi nimeikuta miaka ya tisini, enzi za matangazo ya vifo na Ugua Pole za Redio Tanzania, halafu jioni BBC. Mtoto kugusa marufuku. Unaweza kuangalia kioo kikiwaka, basi, mwisho hapo.

Na kwenye kile kioo babu alikuwa na alama zake, vitone vitatu vya rangi ya kucha nyekundu, kila kimoja stesheni yake. Rangi yenyewe alimnyang'anya shangazi alipokuwa msichana. Shangazi mpaka leo akiiona anasema hiyo rangi yangu.

Haya, nikafika nayo Tanga mjini nikafungua mgongo. Nyuma ya spika kuna mayai ya mjusi, matatu, makavu. Kwenye sehemu ya betri kuna unga mweupe na kijani umetambaa mpaka kwenye springi, mawe sita yamevimba na kupasuka, mtu aliyaweka akayasahau. Nikaweka mapya baada ya kukwangua kidogo, nikazungusha swichi, tiki, halafu shshsh ndogo sana, kama mtu anapumua chumba cha pili. Zungusha huku, zungusha kule, hakuna kitu. Hata mawimbi ya kati kimya.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale mjini, kijana, banda lina spika nne zinapiga singeli mpaka meza inatembea. Akaiangalia kama unavyoangalia gari ya ng'ombe. Akaniambia kaka, hii mashine ya mkoloni, tunaitoa yote, tunakuwekea bodi ya Mchina yenye USB na blututhi, ina FM humohumo, boksi lako linabaki, elfu 25 tu. Sitadanganya, nilifikiria kama dakika nzima. Kilichoniokoa ni kwamba wakati anaongea alikuwa ameshachukua bisibisi anazungusha vitu vya ndani, vile viduara vilivyo kwenye vikopo vya bati, anazungusha hiki, anazungusha na kile, namuuliza unafanya nini ananiambia nacheki kama iko hai. Kitu kikalia krak. Nikasema lete.

Ngoja niseme kuhusu hivyo vikopo hapahapa kwa sababu nikija kusahau nitajilaumu. Ndani ya kila kikopo kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa, na katikati ya koili kuna kipande cha ferati, jiwe jeusi lenye mkato wa bisibisi. Kiwandani wanakizungusha mara moja kwa vipimo mpaka redio yote inaimba kwenye wimbo mmoja, halafu basi, hakuna sababu ya kukigusa tena, hakichoki wala hakihami chenyewe. Ukikizungusha kwa kubahatisha redio inakuwa kiziwi, na ferati ni kama sahani ya udongo, bisibisi ya chuma ikibana kidogo tu inapasuka. Redio nyingi za zamani ninazokutana nazo sokoni ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa mdogo kabisa, waya umekatika au betri imevuja, ugonjwa wa pili ndo wa kuua, na ulianza siku ilipopelekwa kwa mtu mwenye bisibisi na haraka.

Baba mdogo akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa zamani, ameshastaafu, anakaa barazani kwake na koti la ofisini hata jua likiwa kali. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, umeniletea nini. Hakuuliza bei wala historia. Akaifungua, akawasha, akasikiliza ile shshsh kwa muda mrefu, jicho moja amefunga. Halafu akakunja kidole, akagonga kwa ukucha kikebe kimoja cha fedha kirefu kama tembe ya dawa, ta.

Redio ikapiga kelele. Sekunde mbili, mtu anaongea Kiarabu kwa nguvu, halafu ikafa tena.

Mzee akacheka akasema, imeota ndevu hii.

Nikadhani ananitania. Kumbe ni jambo la kweli kabisa na linajulikana dunia nzima na watu wa redio za zamani. Zile transista, vidude vya kukuza ishara ya redio, za ukoo wa AF114 mpaka AF117, za jerimani (madini ya germanium, sio nchi), zilizojaa kwenye redio za Ulaya za miaka ya sitini, mkebe wake kwa ndani umepakwa bati. Na bati, lenyewe tu, likikaa miaka linaota nyuzi, ndo hizo ndevu, nyembamba kuliko unywele, huzioni kwa macho, hazihitaji umeme wala maji, zinaota gizani tu polepole. Siku moja uzi unatoka kwenye ukuta wa mkebe unagusa transista yenyewe katikati, na kwa kuwa mkebe umefungwa kwenye ardhi ya redio, ile njia moja ya pamoja ya umeme wa redio nzima, basi umeme wa ishara wote unaishia hapo. Ukigonga, uzi unakatika au unasogea, redio inafufuka. Ukiacha wiki, unagusa mwingine.

Yaani redio ya babu haikufa kwa kazi. Imefanya kazi kila siku toka kabla baba hajaoa na hizo transista hazikuungua. Ilikufa ikiwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kizuri, imetunzwa. Hilo liliniuma kidogo maana sisi wajukuu ndo tuliosema tuipumzishe.

Dawa yake ni rahisi mpaka unaona aibu. Transista hizo zina miguu minne, mitatu ni ya kazi na wa nne ni wa huo mkebe tu, unaupeleka ardhini ili kuzuia kelele. Mzee akachukua kikata waya kidogo akaukata mguu wa nne, tik. Mkebe sasa unaning'inia hewani haujafungwa popote, ndevu ziguse zisiguse hakuna umeme wa kuvuja. Akafanya hivyo kwenye zote tatu. Mbili zikaamka palepale. Ya tatu ikagoma, ndevu zilikuwa zimegusa sehemu mbili kwa wakati mmoja, hapo kukata mguu hakusaidii, akatafuta kwenye kopo la maziwa lililojaa vyuma vya zamani akatoa nyingine, imetumika, akaichomea. Na wakati wa kuchomea alishika mguu kwa koleo nyembamba, koleo inakunywa moto, kwa sababu jerimani haivumilii joto kama transista za sasa, ukichelewa na chuma cha moto hapo umeshaichinja.

Kazi ilikuwa haijaisha. Sauti ilikuja ila ukiongeza voliumu inapiga puput puput puput kama boti ya mashine inaondoka Pangani. Hiyo ni kapasita, zile za kikebe cha alumini zenye maji ya dawa ndani, kubwa inayokaa sambamba na betri ikikauka redio inaanza kujisikiliza yenyewe. Nazo vilevile zinaharibika zaidi zikikaa bila umeme. Tulibadilisha nne. Hapa kuna mtego wa hizi redio za jerimani, nyingi chanya ndo iko kwenye ardhi, sio hasi kama tulivyozoea, kwa hiyo mtu akija na mazoea yake akaunga kapasita kichwa chini au akachomeka adapta kinyume anapata moshi. Kwenye redio ya mwalimu, ile nyingine ya kijijini, ndicho kilichotokea, shemeji yake aliifunga kwenye betri ya trekta.

Sasa matunzo. Watu wananiuliza inbox nikiweka picha, nifanyeje na ya kwetu, nitasema ninachofanya mi.

Betri kwanza, betri, betri. Zile za kawaida za bei rahisi mkebe wake ni zinki na hiyo zinki ndo inayoliwa ili upate umeme, yaani betri inajila nguo yake, ikiisha inatoboka na uji unatoka. Na sisi tulivyokuwa tunaanika mawe juani juu ya bati ili yapate uhai kidogo, ee yalipata, kwa siku moja, ila ulikuwa unarudisha ndani ya redio mkebe ambao umeshaliwa mpaka umebaki karatasi. Mi siku hizi nikizima redio kwa zaidi ya wiki natoa zote, nikisafiri natoa, hata kama zimewekwa jana. Ikishavuja unaangalia ni aina gani, hizi za kawaida uji wake una asidi kidogo, unasafisha kwa magadi yaliyolowekwa, mswaki wa zamani, taratibu. Zile za alkalaini ni kinyume, hizo unatumia siki au ndimu. Ukimaliza futa kwa spiriti, kausha. Usimwage maji kwenye bodi kama unaosha sufuria.

Voliumu ikikwaruza, ile krrr krrr ukizungusha, usitie mafuta ya cherehani. Najua kila nyumba imefanya. Inanyamaza mwezi mmoja halafu mafuta yanakamata vumbi inakuwa matope. Kuna dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti za umeme, inayokauka yenyewe, unapuliza kidogo sana ndani unazungusha mara ishirini thelathini. Swichi ya bendi hivyohivyo, na hiyo hata bila dawa ukiisukuma kwenda na kurudi kila mara inajifuta kutu. Sisi wa pwani tuna balaa la ziada, chumvi ya hewani inakula kila kitu, kwa hiyo ninachofanya ni kitu kimoja cha kijinga, kila Jumapili asubuhi nawasha redio zote nilizonazo, ziko tano, nazungusha kila kitasa mwanzo mpaka mwisho, nasogeza kila swichi. Mke wangu anaita ibada ya kwanza.

Uzi wa mshale. Huu ndo ulinitoa jasho kuliko transista. Ukizungusha kitasa kuna uzi unapita kwenye magurudumu madogo unavuta mshale kwenye kioo, wa babu ulikuwa umekatika. Nikaweka mshipi wa kuvulia, si ndo nguvu, ukateleza, unazungusha kitasa mshale umekaa tu unakuangalia. Ule mshipi wa plastiki wa uzi mmoja ni laini mno, haung'ati. Mzee akaniambia nenda feri kwa wavuvi waombe uzi wa kushonea nyavu, wa kusokotwa. Nikapewa bure, urefu wa kunyonga mtu. Kuufunga mara tatu kwenye gurudumu kubwa huku springi inataka kuruka na miwani inateleza puani, nilitumia Jumamosi nzima, na sijawahi kutukana hivyo nikiwa peke yangu.

Spika panya walikuwa wameionja pembeni, nikaziba na karatasi ya kichujio cha kahawa na gundi nyeupe iliyochanganywa maji. Mende pia wanapenda redio, kuna joto na giza. Nyuma nimeweka kipande cha chandarua kwenye matundu, hewa inapita mjusi hapiti.

Basi redio ikapona, nikaiweka sebuleni, nikawasha jioni, nikasikia ZZZZZZZ. Kote. Nikarudi kwa mzee nimekasirika. Akaniuliza, umewasha na taa? Kumbe redio haina tatizo, nyumba ndo inaumwa. Taa za LED za bei chee, chaja za simu, king'amuzi, ruta, na hata kile kidude cha kuchajia betri ya sola, vyote vinakata umeme vipandevipande maelfu ya mara kwa sekunde na kila kukata ni kelele kwenye masafa mafupi. 1967 Muheza hakukuwa na kitu cha kupiga kelele zaidi ya radi. Nilizunguka na redio ndogo mkononi kama mganga, chomoa hiki, chomoa kile, mwizi mkubwa alikuwa chaja moja ya simu nyuma ya kochi. Halafu nikatoa waya nje, waya wa kawaida wa shaba kama mita kumi hivi, kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe, mbali na nyumba, na ncha yake naizungushia tu kwenye eriali mara chache, siichomei moja kwa moja, ili niutoe upesi radi ikija. Mvua ikinukia nautoa kabisa.

Na umeme ukikatika mtaa mzima, majirani wanaguna, mi ndo naenda kukaa na redio. Kunakuwa kweupe. Unasikia sauti ya mtu amekaa Romania huko anasoma habari kama yuko jikoni.

Najua utauliza kuna nini cha kusikiliza siku hizi. Kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC imekuwepo toka 1957, Ujerumani toka 1963, na mawimbi yao mengi ya huku yalikuwa yanarushwa kutoka mitambo ya karibu, BBC walikuwa na wa Shelisheli ukafungwa 2014, Wajerumani walikuwa na wa Kigali ukazimwa Machi 2015. Sasa wengi utawapata kwenye FM za mjini na kwenye simu, sawa, ni rahisi, bando likiwepo. Redio Tanzania ilikuwa kwenye kilohezi 5050, nayo kimya. Zanzibar walivuma miaka mingi kwenye 11735, taarabu usiku, na kuna watu Ulaya na Japani walikuwa wanakesha kuitafuta, wakati sisi wa ng'ambo tu hapa tulikuwa tunaikamata kwa shida, maana mawimbi hayo yanapanda juu yanagonga anga yanarudi chini mbali, walio karibu yanawaruka kichwani. Nilipoelewa hilo nilicheka sana, ni kama sherehe ya jirani, biriani linaliwa na wa Korogwe.

Waliobaki kwa wingi ni Wachina, kila bendi, mpaka Kiswahili, Vatikani wapo na Kiswahili chao, Waarabu, Wahindi. Mchana natafuta bendi za juu, za mita 16 na 19 (mita zikiwa chache ndo bendi ya juu), jua likizama nashuka za 31, 41, 49. Saa nzuri kuliko zote ni ile ya magharibi, jua liko nusu. Kwa miaka hii jua lenyewe limekuwa na madoa mengi, 2024 lilikuwa kwenye kilele chake, na bendi za juu zikafunguka mpaka raha.

Shangazi alikuja mwezi wa kumi na mbili. Akaiona sebuleni inawaka, kioo cha njano, akakaa karibu bila kuvua hata mtandio. Akauliza saa ngapi, nikamwambia kumi na mbili na dakika ishirini. Akasema subiri basi, Dira ya Dunia ya BBC inaingia na nusu. Nikataka kumwambia haipo tena huko, nikashindwa. Akashika kitasa mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani nadhani, mshale ukaenda taratibu mpaka kwenye kitone cha kati cha rangi yake ya kucha. Shshsh. Tukakaa. Na nusu ikafika, shshsh, halafu pembeni kidogo, mbali, mwanamke wa Kichina anaimba na zeze.

Shangazi akainamisha kichwa kwenye spika akasikiliza. Akasema sogeza kidogo kushoto, baba alikuwa anasogeza kidogo kushoto.